Kisima cha Kwao Ndani ya Senema

Bi Thuwaiba aliletwa Unguja akiwa bi harusi wa miaka kumi na sita, kutoka Ghafa, kijiji cha Omani kilichopakana na jangwa. Akaishi Malindi miaka thelathini, akazaa, akazika mume, na siku zote hakuchoka kuhadithia kwao: milima ya mchanga inayohama, na kisima kirefu ambacho maji yake huvutwa na ngamia. Majirani walimpenda, ila maneno hayo waliyaona chuku tupu.

"Mlima uhame, Bi Thuwaiba?" Mashavu, shoga yake wa nyumba ya pili, alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu. "Una miguu?"

Jumapili moja ya mwaka 1956 wakafuatana kwenda senema, onyesho la alasiri la wanawake peke yao. Ukumbi ulijaa mabuibui na harufu ya asumini. Kabla ya picha ya Kihindi iliyowaleta, ikatiwa picha fupi ya nchi za Waarabu. Bi Thuwaiba alikuwa akimenya njugu. Aliponyanyua macho, akaacha kumenya.

Mchanga, mchanga hadi macho yanapokoma, na upepo ukiupeperusha kileleni kama moshi. Chini yake msikiti mdogo usio na mnara, na mtende uliopinda mlangoni. Mtende ule aliupanda utotoni, akaanguka, akavunjika jino.

"Kwetu," alisema, kwanza polepole. Kisha akasimama. "Jamani, kwetu huku!"

"Kaa chini, hatuoni!" wakamkemea wa nyuma.

Kikaja kisima. Ngamia anavuta kamba, na ubavuni pake mzee mwembamba, anachechemea, anamwimbia.

"Sleyum! Ndugu yangu Sleyum!"

Ndani ya picha sauti ya mwanamume ilikuwa ikieleza mambo kwa Kiingereza, lakini wimbo ulisikika chini ya maneno yake, na Bi Thuwaiba akaupokea kwa Kiarabu, machozi yanamtiririka na huku anacheka. Mashavu akamtazama yule mzee, akamtazama shoga yake. Pua ileile, kidevu kilekile. Akapanda juu ya kiti.

"Nduguye kweli! Wallahi, nduguye Bi Thuwaiba huyo!"

Ukumbi mzima ukapasuka kwa vigelegele. Picha ilipokwisha, wanawake wakakataa katakata kuanzishiwa ya Kihindi. Mwendesha mashine akachungulia tunduni, akaona mambo yalivyo, akairudisha ile fupi. Safari hii Bi Thuwaiba ndiye aliyeeleza, nyumba ya nani na shamba la nani, na yule wa Kiingereza hakusikika tena.

Asubuhi yake wakaenda kwa Mzee Usi, aliyejua kuandika Kiarabu.

"Mwandikie nimemwona," alisema Bi Thuwaiba. "Amezeeka, lakini sauti haijazeeka."

"Na Malindi nzima inamsalimu," Mashavu akadakia. "Mwambie nshamjua hata anavyotembea."

Mzee Usi akachovya kalamu. "Jengine?"

Bi Thuwaiba akafikiri kidogo, uso umemchanua.

"Mwambie aje kabla ya Ramadhani. Chumba cha juu kina upepo mzuri, na leo hii nnakwenda kukipaka chokaa."