Chini ya Rangi ya Kijivu

Mlango wa kushoto wa gari ulianza kutoa herufi kabla ya saa nne asubuhi. Kwanza ilijitokeza J nyekundu, imepinda kama ndoano, kisha mkia wa herufi nyingine. Fundi cherehani akaacha kusugua. Alibaki ameshika kipande cha msasa, maji yakimchuruzika hadi kiwikoni.

Alikuwa ameifunika cherehani yake wiki nzima ili alirudishie sura gari la baba yake. Rangi ya kijivu ilikuwa imepauka, imebambuka juu ya boneti, na kutu ilikuwa ikitafuna kingo za milango. Jirani yake, fundi rangi, alimfundisha kazi: sugua kwa msasa na maji mpaka kiganja kipite bila kukwaruzwa, ziba mashimo, ndipo ufikirie rangi mpya. Baba yake, ambaye tangu macho yafifie alishinda kibarazani na redio yake, alikuwa na shauri moja tu.

"Paka juu yake, mwanangu. Ya nini kukwangua?"

"Kiraka hakishiki juu ya kitambaa kilichooza, Baba."

Mzee alizima redio.

Sasa binti alisugua polepole, kama anayefumua pindo la nguo ya watu. Kufikia saa sita maneno yalikuwa yametimia: JIFUNZE UDEREVA KWA BI TARATIBU. Akacheka peke yake. Kisha kicheko kikakatika, maana miaka yote baba yake alisema gari hilo halikuwahi kutoka nje ya familia tangu liliponunuliwa dukani.

Udadisi ulikuwa ugonjwa wake wa kuzaliwa. Alifungua mlango, akabandua zulia mbele ya kiti cha abiria, pale palipokuwa na vinundu viwili ambavyo utotoni aliviwekea visigino. Chini yake palikuwa na vishina viwili vya chuma vilivyokatwa kwa msumeno. Pedali za mwalimu wa udereva, za kukanyaga breki na klachi kutoka kiti cha abiria.

Kuhusu mama yake, aliyefariki yeye akiwa na miaka mitatu, alikuwa na picha moja na neno moja. Picha ilikuwa ya mwanamke aliyekunja uso kwa jua. Neno lilikuwa "mpole", nalo alipewa kila alipouliza, kama anayepewa kitu mkononi ili aondoke mlangoni.

Alikwenda kibarazani na mikono yake yenye matope ya rangi.

"Baba, Bi Taratibu ni nani?"

"Umeshafika huko."

"Nimefika."

"Ni mama yako. Na gari lilikuwa lake, si langu. Nusu ya madereva wa mji ule tuliotoka walipita mikononi mwake. Mimi nilikuwa mwanafunzi, tena mbovu kuliko wote. Niligonga ukuta wa soko kwa sababu sikuwa naangalia barabara."

"Ulikuwa unaangalia nini?"

"Mwalimu."

Binti hakucheka. "Halafu ukamfuta." Neno lilimtoka kabla hajalipima.

"Alipofariki sikuweza kufika hata dukani," mzee alisema. "Kila njia panda mtu anapiga honi, anainama dirishani, 'Mwalimu, za asubu...', kisha ananiona mimi. Nilivumilia wiki sita. Ya saba nikanunua kopo la rangi na brashi. Nilidhani ni kwa muda tu. Halafu tukahamia huku, ambako hakuna aliyemjua. Ulipoanza kuuliza, nilikuwa nimeshazoea kunyamaza, na kila mwaka ulifanya kuanza kuwe kugumu zaidi."

Hasira ilikuja, lakini maswali yaliipita mlangoni. Alivuta kigoda, akaketi karibu na magoti ya baba yake.

"Kweli alikuwa mpole?"

"Mpole?" Mzee aliangua kicheko mpaka kikohozi kikamshika. "Alikuwa akinichapa rula gotini nikikanyaga klachi kwa pupa! Nani alikuambia alikuwa mpole?"

"Wewe."

Kicheko kilimwishia mzee. Aliinuka, akapapasa nguzo ya kibaraza, akashuka uani. Mbele ya mlango wa gari alisoma herufi kwa ncha za vidole, moja baada ya nyingine, bila haraka. Kisha akazunguka upande wa pili, akaingia, akaketi nyuma ya usukani.

"Njoo. Mimi nilikuwa nakaa hapa. Yeye alikaa hapo."

Binti aliketi na aproni yake iliyolowa. Kupitia kioo cha mbele aliona ukuta wa ua na kamba ya nguo, basi.

"Siku ya kwanza," aliuliza, "ulipoingia tu, alikuambia nini?"

Mzee aliweka mikono yake usukanini, akaitoa, akaiweka tena chini kidogo.

"Ngoja," alisema. "Ngoja. Hili nataka nilikumbuke vizuri."