Sasahivi Ahamia Kwenye Televisheni

Jumamosi saa tisa alasiri, Fundi Waya alipiga magoti nyuma ya televisheni ya mpiga chapa mstaafu, akapuliza vumbi, akapiga chafya mara tatu, kisha akaomba tochi. Televisheni ilikuwa na matundu manne upande wa nyuma. Mawili kati yake mjusi alikuwa ametagia mayai, na fundi aliyaacha kwa heshima.

"Mama," alisema kutoka huko nyuma, "hiki kigemu cha mkononi ukikipachika kwenye kitako chake, kioo chake kinazima. Usishtuke. Hakijaharibika. Picha inahama tu, inakuja huku kwenye kubwa."

"Inahama yote?"

"Yote. Haibaki hata chembe."

Kigemu kilikuwa cha mwana wa kwanza wa mama huyo mpiga chapa, fundi mitambo wa kiwanda cha mablanketi, aliyefariki kazini miezi minane iliyopita. Tangu utotoni, akiitwa kula alijibu "sasa hivi" bila kunyanyua macho, na chakula kikishapoa alijibu hivyo hivyo tena, mpaka mtaa mzima ukamwita Sasahivi. Kiwandani pia walimwita jina hilo, ingawa huko alikuwa wa kwanza kufika kila asubuhi.

Kwenye geti la kiwanda pameangikwa ubao wa mbao ngumu wenye majina ya wafanyakazi waliofia kazini. Yapo majina kumi na matatu kwa rangi ya dhahabu, na chini ya la mwisho pamebaki nafasi. Jina la Sasahivi halikuandikwa. Barua ya kiwanda ilisema alikufa kwa uzembe wake mwenyewe, kwa kuwa alikuwa akicheza gemu huku mashine ya kuchana nyuzi inazunguka. Mama yake aliisoma barua hiyo mpaka ikalegea kwenye mikunjo. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa amepiga chapa barua za aina hiyo katika ofisi za watu, zote zikianza na "tunasikitika kukuarifu", na alijua kwamba anayesikitika huwa hayupo chumbani. Alitaka jina la mwanawe liandikwe ubaoni, basi, hakutaka kingine. Kiwanda kilikubali kumsikiliza Jumatatu. Kabla ya hapo alitaka kuuona huo mchezo kwa macho yake, na kioo cha kigemu kilikuwa kidogo mno kwake. Binti yake, anayeuza miwani, alikwishachoka kumwambia abadilishe miwani.

Fundi Waya alichomeka waya, akapachika kigemu kwenye kitako. Kioo kidogo kilizima. Alibonyeza rimoti: tundu la kwanza, buluu tupu, la pili, buluu tupu, la tatu, likatokea shamba la kijani lenye mto, daraja na nyumba ya paa jekundu. Kando ya mto alisimama mtu mwenye ovaroli ya kiwanda na kofia aliyoigeuza nyuma, ameshika jembe.

"Huyo hapo," alisema mama.

"Amekonda," alisema binti.

Fundi Waya aliuliza kama waongeze mwanga kidogo. Mama akasema unatosha.

Mtu yule aliweka jembe chini. Chini ya kioo kikatokea kisanduku cheupe chenye maandishi: *Shikamoo mama.* Pembeni mwa kisanduku mshale mdogo ulipepesa, na binti akaeleza kwamba mpaka mtu abonyeze kitufe ndipo maneno yaendelee. Mama akakichukua kidhibiti cha mchezo na kukishika kwa vidole vyote kumi, kama alivyozoea.

"Marahaba. Umekula?"

*Nimekula. Huku maboga yanakomaa kwa siku tatu...* Akabonyeza. *...ila hayana ladha. Mama, mbona kila Ijumaa ulikuwa unanifuta?*

Ni kweli, kila Ijumaa alikiwasha kigemu, akaona kidoa kwenye kona ya kioo, akakisugua kwa kitambaa chenye mate kidogo. Kidoa hakikutoka, na wakati mwingine kilisogea.

"Nilidhani ni vumbi, baba."

*Najua. Usijali. Ilikuwa inanitekenya.*

Hapo mama alilia. Alimpenda huyu mtoto kupita kiasi, na hakuwahi kulificha hilo hata mbele ya binti, ambaye naye alikuwa analia, huku akimsalimu kaka yake na kumuuliza kama huko kuna baridi. Fundi Waya aliendelea kukunja nyaya zake taratibu kuliko ilivyohitajika.

Walipotulia, mama aliuliza alichohitaji kuuliza. "Siku ile ulikuwa unacheza?"

*Hapana. Nilicheza wakati wa mapumziko...* Akabonyeza. *...nikahifadhi, nikakitia kwenye begi. Kifuniko cha mashine kilikuwa kimetolewa...* Hata akiwa hai alikuwa na tabia hiyo ya kukatisha sentensi ili apate kufikiri. Mama akabonyeza tena. *...na msimamizi, kwa sababu kikiwepo mashine inasimama kila nyuzi zikijaa. Nilimwambia nikirudishe. Akasema, tumalize oda kwanza.*

"Sasa huku ndani ulifikaje?"

*Baada ya pale nilitafuta pa kukaa. Begi ndilo lilikuwa karibu.*

Binti akafungua ukurasa wa kumbukumbu za mchezo. Mara ya mwisho kuhifadhi ilikuwa saa saba kasoro dakika kumi mchana. Barua ya kiwanda ilisema ajali ilitokea saa tisa na robo. Mama aliketi mezani, akavuta taipureta yake na kuandika yote hayo kwa nakala tatu, pambizo zimenyooka kuliko za kiwanda.

Jumatatu asubuhi waliibeba televisheni hadi kiwandani, wameifunga ndani ya blanketi la kiwanda hicho hicho, la aina yenye kasoro wanayouziwa wafanyakazi. Mlinzi wa geti aliandika kitabuni: wageni watatu na televisheni moja. Ofisini kwa meneja, Fundi Waya alisogeza kabati, akapata umeme, akachomeka. Sasahivi alitokea akiwa amevaa kofia vizuri.

*Habari za asubuhi, bosi.*

"Aisee, Sasahivi!" Meneja alisimama, akaisogelea televisheni, machozi yakamlengalenga. "Tumekukumbuka sana. Mama, huyu kijana alikuwa kiungo muhimu hapa."

Ingekuwa rahisi kama meneja angekuwa mtu mkali, lakini hakuwa. Aliagiza chai ya watu wote, akauliza hali ya magoti ya mama, akazisoma karatasi zote mpaka mwisho huku akitikisa kichwa. Alisoma kuhusu kifuniko. Alisoma kuhusu saa. Kisha aliziweka mezani akazilaza sawasawa.

"Sasahivi," alisema, "kabla hatujaendelea. Mashine namba nne tangu uondoke inatetemeka, hakuna anayeiweza. Inaweza kuwa nini?"

*Ni ule mkanda wa chini. Usiukaze...* Mama alikuwa na kidhibiti mkononi. Aliutazama ule mshale unapepesa. Mwanawe, kule shambani, alikuwa ameinama mbele kwa hamu, vile alivyoinama akiwa na miaka saba mbele ya redio aliyoifungua. Mama akabonyeza. *...ulegezeni nusu mzunguko, halafu muugeuze upande.*

Meneja alipiga simu karakana. Baada ya robo saa, sakafu ya ofisi iliyokuwa ikitetemeka ilitulia, na chai kwenye vikombe ikatulia pia.

"Unaona!" alisema meneja. "Mikono ya dhahabu."

"Na jina lake?" aliuliza mama.

Meneja alivua miwani. Binti, kwa mazoea ya kazi, aliona kwamba lenzi ya kushoto ilikuwa imekwaruzika.

"Mama, mimi nakuelewa kama mwanao mwingine. Lakini kamati inaangalia taarifa. Taarifa inasema alikuwa kwenye mchezo. Nanyi mmekuja kuipinga taarifa," akaonyesha televisheni kwa kiganja, kwa upole, "mmemleta akiwa kwenye mchezo. Mimi nitawaambia nini?"

"Utawaambia kifuniko kilitolewa."

"Msimamizi anasema hakikutolewa."

"Sasa hivi kipo?"

Meneja alitazama dirishani, kuelekea kwenye ukumbi wa mashine. "Tuna oda kubwa mwezi huu," alisema.

*Mama,* kikasema kisanduku, *twende nyumbani. Nimeacha maboga.*

Wakaichomoa televisheni, wakaifunga blanketi. Getini mama alisimama mbele ya ubao, akaihesabu ile mistari kumi na mitatu, kisha akapitisha kidole kwenye nafasi tupu. Mbao ilikuwa laini, imepigwa vanishi vizuri.

Wiki mbili baadaye barua ilifika. Ilisikitika kumwarifu. Mama aligundua makosa mawili ya herufi, akayasahihisha kwa kalamu nyekundu na kuirudisha. Hakupata jibu, ila fundi kijana wa kiwanda alianza kuja kila Alhamisi jioni na daftari. Anavua viatu mlangoni, anaketi kwenye ukingo wa kochi, anauliza kuhusu mikanda na feni na grisi. Sasahivi anamjibu yote. Mara ya kwanza mama alitaka kumfukuza, lakini mwanawe alimsihi kwa visanduku vinne mfululizo, kwamba kijana huyu ndiye anayesimama sasa kwenye mashine ya kuchana nyuzi, na kuna mambo lazima ayajue. Tangu siku hiyo mama humwekea chai, na kabla hajaondoka humshika mikono yote miwili na kuvihesabu vidole vyake. Kijana anavumilia.

Kifuniko cha mashine, kijana anasema, bado kiko nyuma ya mlango wa stoo ya kiwanda. Nafasi ya ubaoni bado ni tupu, na mama, akivikumbuka vile vidole kumi vya kijana, anaiombea ibaki hivyo, jambo ambalo hakulitegemea.

Siku za Ijumaa, binti akiwa bado dukani, mama hufuta vumbi la nyumba nzima. Televisheni huiacha mwisho. Anaanza pembeni kwenye mto, anapanda darajani, anazunguka nyumba ya paa jekundu. Akifika alipo mwanawe, anasimamisha kitambaa.

"Sogea kidogo, baba, nifute hapo."

*Sasa hivi,* anajibu Sasahivi, bila kunyanyua macho kwenye jembe lake, na mama anasubiri.