Samaki Wasio na Upande

Nianze na kosa langu, maana nikianza na la mama nitaonekana mtoto asiye na adabu. Profesa Timothée, anayesimamia mémoire yangu, tasnifu ya kumalizia chuo, aliniambia tangu siku ya kwanza: "Chancelle, kila samaki na étiquette yake, ifungwe kwa uzi." Kila samaki, lebo ya mahali alikotoka. Nilifunga kumi na wawili, vidole vikaniuma, nikachoka. Wengine wote niliwatia kwenye bokali za kioo, ndani ya alkoli, na katika kila bokali nikatumbukiza kipande kimoja cha karatasi kilichoandikwa kwa penseli: Yanonge, au Wanie-Rukula. Nilijiona mjanja. Mjinga mkubwa.

Yanonge iko chini ya maporomoko ya maji ya Kisangani, Wanie-Rukula iko juu yake. Mémoire yangu yote ni hiyo, chini na juu. Kuna samaki mdogo wa pua ndefu, mwenye umeme kidogo mwilini, anaishi pande zote mbili. Mimi niliuliza swali moja tu. Ikiwa maporomoko yamewatenga ndugu hawa maelfu ya miaka, wa juu wasizaane tena na wa chini, je, pua zao zimeanza kuachana? Kwa swali hilo nilipanda pirogi, mitumbwi ya wavuvi, na pikipiki miaka miwili, nikanyeshewa, nikaugua malaria mara nne, nikawabembeleza wavuvi waliokuwa wakimcheka msichana anayeng'ang'ania samaki wasio na nyama. Nilipata mia mbili na kumi na wanne.

Bon. Chumba cha sampuli pale fac, yaani chuoni, kikaanza kuvuja, profesa akaniambia nihamishie bokali nyumbani Mangobo mpaka nimalize kupima. Nyumbani ni mimi na mama tu. Mama Germaine ni mzaliwa wa Yanonge, na ameuza samaki sokoni tangu sijazaliwa. Nilimweleza kazi yangu mara nyingi, naye akawa ananitania: "Donc, kumbe Mungu hakumaliza kazi ile siku ya sita?" Lakini bokali alizipangusa vumbi kila asubuhi, na mgeni akija alionyeshwa. "Hii iko diplôme ya Chancelle. Musiguse."

Mwezi wa kumi na moja, wiki tano kabla ya défense, siku ya kuitetea mémoire mbele ya maprofesa, nilikwenda Isangi kumzika mjomba wangu, tonton Alphonse. Siku nne tu. Niliporudi, mama alinipokea mlangoni na uso wa mtu aliyefanya jambo jema.

"Samaki yako ilikuwa inakauka," akasema. "Alkoli ilishuka, migongo ikatoka inje. Nikasema, mutoto atakuta yote imeoza. Basi nimeiokoa."

Alikuwa ameiokoa kweli. Bokali kumi na tisa zilikuwa zimegeuka ndoo tatu zenye vifuniko, alkoli imewafunika samaki vizuri, hakuna hata mmoja aliyekauka. Na alikuwa amewapanga jinsi anavyopanga meza yake ya sokoni miaka yote: wakubwa na wakubwa, wa kati na wa kati, wadogo na wadogo. Hakuna mama wa samaki Mangobo anayechanganya ukubwa, angechekwa na soko zima.

"Na karatasi?" nikauliza.

"Karatasi gani?"

"Karatasi zilizokuwa ndani ya bokali, mama."

"Ah, ile takataka? Ilikuwa inachafua samaki. Nilitupa."

Nilipiga kelele. Sitaki kurudia niliyoyasema. Nilimwita mama yangu neno ambalo mtu hamwiti hata mwizi, nikapiga kiti teke, kisha nikaketi sakafuni nikalia. Mama alisimama palepale na kitambaa mkononi, akanisubiri nimalize. "Lakini samaki iko yote," akasema. "Hesabu. Hakuna yenye imepotea."

Kesho yake nilibeba ndoo moja kwenye pikipiki mpaka kwa profesa. Profesa Timothée si mtu wa kelele. Alifungua kifuniko, akatazama, akafunga. "Ulifunga étiquette ngapi?" akauliza. Nikamwambia kumi na mbili. Akavua miwani, akajipangusa macho. Nikasema haraka kwamba ninaweza kuwatenganisha kwa pua: wa pua ndefu niwaweke juu, wa pua fupi niwaweke chini. Akaniangalia kwa huruma, na huruma ile iliniudhi kuliko tusi.

"Utawagawa kwa pua, halafu utaandika kwamba pua zimegawanyika?"

Nikaona aibu. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza hasemi upuuzi kama huo. Kuna namna ya kusoma ukoo wa samaki ndani ya nyama yake, lakini hiyo inafanyika Ulaya, na wiki nne zilizobaki hazitoshi hata barua kujibiwa. Kurudi mtoni haiwezekani, maji yamejaa, na samaki huyu hunaswa maji yakipungua tu. Kungoja nako haiwezekani. Sisi ni promotion, yaani darasa, la mwisho la mfumo wa zamani, na asiyefanya défense safari hii anaanza upya mwaka wa kwanza, benchi moja na watoto waliotoka shule juzi. Mimi nina miaka ishirini na tisa.

Nilimweleza mama yote hayo, mara hii bila kelele. Akavuta kiti karibu.

"Kumbe unatafuta upande tu? Kwa nini hukusema? Mi nilizaliwa ku maji ile. Leta samaki, nitakuambia gani iko ya Yanonge."

Siwezi kudanganya, niliamini. Mtu aliyeshika samaki miaka arobaini, kwa nini jicho lake lisione kitu ambacho rula yangu haikioni? Nikawatoa wale kumi na wawili wenye uzi, nikaficha étiquette kwa kiganja, nikamwonyesha mmoja mmoja.

Mama aliwageuza, akawanusa, akabonyeza matumbo. Hakusita hata kidogo. "Yanonge. Hii ya juu. Hii pia ya juu, angalia ngozi." Wa kwanza, sawa. Wa pili, sawa. Wa tatu, sawa. Wa nne akakosa. Wa tano akakosa. Wa sita akakosa. Alipomaliza wote kumi na wawili, alikuwa amepata sita. Mtu ambaye hajawahi kuona mto angepata sita hao hao kwa kubahatisha.

"Nimepata ngapi?" akauliza.

Alikuwa ameinama mbele, mikono imelowa alkoli mpaka viwiko. Tangu nilipomtukana hakuwa amekula chakula cha maana, nilikuwa naona sahani yake ikirudi jikoni vilevile. Nilitaka kumwambia ukweli. Nilifungua mdomo kabisa.

"Wote, mama," nikasema.

Akacheka, mara ya kwanza tangu nirudi kutoka Isangi. Halafu akavuta ndoo ya wakubwa na kufungua kifuniko. "Bon. Kamata daftari. Tunaanza." Hilo sikuwa nimelifikiria. Nikakamata daftari. Tulifanya kazi siku nzima, yeye anataja, mimi naandika, na kila aliposema "ya juu" niliandika juu, na kila aliposema "Yanonge" niliandika Yanonge, kwa mwandiko mzuri, na namba pembeni.

Asubuhi iliyofuata nilikwenda fac. Nilimpa Profesa Timothée barua ya kuacha mémoire, mistari mitatu. Aliisoma, akaniuliza kama nina hakika, nikamwambia nina hakika. Hakuniuliza tena.

Nilipofika nyumbani mama alikuwa bado kwenye ndoo ya wadogo. Alikuwa amepita kwanza sokoni kuwaambia wenzake tarehe ya défense, na mama Colette na mama Josée walikuwa wamekubali kushona nguo za kitambaa kimoja.

"Professeur anafurahi?" akauliza.

"Anafurahi sana."

Nikakaa, nikafungua ukurasa mpya. Mama akachukua samaki mmoja, mdogo kuliko kidole, akamgeuza kwenye mwanga wa dirisha, akamwangalia kwa muda mrefu kuliko wengine wote.

"Hii iko ya kwetu," akasema. "Hii, hata kipofu anaweza kuijua."

Nikaandika: Yanonge.