Maji Yanayonuka Moto

Mjini Nabeul, wiki ya kukeneka maua ya mdanzi, mtu mwenye akili haanzi jambo lingine. Hata harusi husogezwa mbele. Lakini shida hazina adabu, na Naziha zilimwingia zote kwa pamoja wiki hiyo hiyo. Mumewe alikuwa amefariki wakati wa baridi. Paa la vyumba vya juu lilivuja. Binti yake Olfa, aliyeolewa Tunis, alikuwa na mimba ya miezi minane na alimpigia simu asubuhi na jioni: mama, uza nyumba, uje tukae pamoja. Mnunuzi naye hakuhitaji kutafutwa. Bwana Munji, mwenye duka la vyungu, aliitaka nyumba aifanye ya wageni, na alikuwa aje Alhamisi baada ya alasiri kuchukua jibu.

Alhamisi Naziha aliamka kichwa kizito. Uani, shuka jeupe lilijaa maua aliyoyachuma jana yake, nayo hayangoji mtu. Yakikaa mpaka kesho yake huwa takataka. Simu ikalia.

"Nauza," alisema kabla Olfa hajamsalimu.

"Una uhakika, mama?"

"Sina nguvu za kuwa na uhakika, mwanangu. Nauza, yaishe."

Akayajaza maua kwenye chungu cha shaba, akatia maji, akafunika, akaunga mrija kwenye chupa. Kukeneka maua, kuyachemsha mpaka mvuke wake ugeuke maji ya manukato, kunataka moto mdogo na moyo mkubwa; hata mtoto wa Nabeul analijua hilo. Lakini siku hiyo Naziha alitaka kumaliza kabla Munji hajabisha hodi, basi akalifungulia jiko la gesi mpaka mwisho, akaenda zake kutafuta hati ya nyumba.

Wifi yake Beya, anayekuja kila mwaka kumsaidia, aliingia akiwa ameziba pua.

"Wifi, unakeneka maua au unachoma godoro?"

Naziha alikimbia, akaichomoa chupa ya kwanza, akanusa. Moshi mtupu. Akakaa chini palepale sakafuni, hati mkononi, akalia kama ambavyo hakulia hata msibani.

"Hata hili limenishinda. Miaka thelathini nakeneka, Beya. Miaka thelathini."

Beya alipunguza moto kwanza, ndipo akaketi karibu naye. "Kwani maji yamekufa? Mwaka jana nilikuomba matone mawili tu ya kutia kwenye kahawa. Ulinijibu nini?"

Naziha akajifuta pua. "Nilikwambia maji mapya yana moto ndani. Uje baada ya siku arobaini."

"Ukanifukuza mlangoni, mbele za watu. Nikanuna wiki nzima."

"Wiki mbili," alisema Naziha, na kicheko kikamponyoka huku machozi bado yanamtoka.

Ni kweli. Maji yakitoka chunguni hunuka moto, hata ya fundi, na hakuna anayeyahukumu siku hiyo. Chupa hufungwa, huwekwa gizani chini ya ngazi mpaka harufu ya moto iishe, na watu huendelea na maisha yao. Naziha aliitazama ile chupa, akaitazama na hati, akaona aibu kidogo. Maji alikuwa akiyapa siku arobaini kila mwaka, na nafsi yake hakuipa hata asubuhi moja.

Bwana Munji alifika na kalamu mfukoni na boksi la vitamu mkononi.

"Leo sijibu," Naziha alimwambia. "Rudi siku nitakayofungua chupa."

"Siku arobaini? Bibi Naziha, tunazungumzia nyumba, si chupa."

"Ndiyo maana. Chupa ikiharibika naimwaga."

Beya alipokea vitamu kabla mgeni hajafikiria kuondoka navyo.

Siku za kwanza Naziha alilala tu. Kisha akaziba paa. Akaenda Tunis kumpokea mjukuu, akakaa naye wiki tatu, na hakuna hata usiku mmoja aliokumbuka vyumba vyake vya juu. Aliporudi alipanda ngazi na ufagio, akafagia vumbi la vyumba ambamo halali mtu, akajiuliza anamfagilia nani. Kilichomuuma ni kimoja tu, ule mdanzi wa uani. Alishangaa jinsi lilivyokuwa jambo dogo, na jinsi lilivyosemeka kwa urahisi.

Siku ya arobaini walikusanyika uani: Beya, Bwana Munji aliyevaa jebba, kanzu ya sherehe, safi kama anayeposa, na Olfa na kichanga chake.

"Nauza," alisema Naziha. "Lakini mdanzi haukatwi, na kila mwaka maua yake ni yangu. Nitakuja kuyachuma na kuyakenekea hapahapa. Liandikwe."

"Liandikwe," alisema Munji haraka, asije akapewa siku arobaini nyingine.

Olfa ndiye aliyekasirika. "Mama, si ndilo jibu ulilonipa kwenye simu? Lile lile! Sasa umetusumbua siku zote hizi kwa nini?"

Naziha aliifungua chupa, akammiminia matone machache kiganjani.

"Na maji ni yale yale," alisema. "Hebu nusa."