Abiria wa Gari la Mikate

Gari la mikate lilimgonga mnoa visu asubuhi kweupe, mbele ya duka la magauni, na dereva alikuwa ameshika usukani kwa mikono yake yote miwili.

Hilo la mikono lilisemwa sana baadaye, na lilikuwa kweli. Simu ilikuwa mfukoni. Sikioni alikuwa na kile kidude cha kuongelea, ambacho mwenye kiwanda cha mikate aliwanunulia madereva wote akawaambia anayetaka kuongea aongee, ila asimwone mtu ameshika simu njiani. Hata trafiki wa pale kwenye mzunguko, mwenye macho ya kipanga kwa wanaoshika simu, alizoea kumwona dereva huyu akiongea peke yake kama kasuku, akampungia mkono apite.

Aliyekuwa akiongea naye ni mkewe.

Mke alikuwa fundi cherehani, na mtaa ule wa maduka ulikuwa wake. Alinunua kitambaa huku, vifungo kule, na hakuna muuzaji ambaye hakuwahi kubishana naye. Kisha maradhi yakamshika miguu, na miguu haikurudi. Mabinti zao walikuwa wameolewa mbali. Akabaki na kiti karibu na dirisha linalotazama ukuta wa jirani, na sindano ya mkono. Wiki za kwanza hakulalamika hata kidogo, na hilo ndilo lililomtia mumewe hofu. Alimjua. Mwanamke aliyegombania bei ya uzi hanyamazi bure.

Ndipo dereva alipoanza kwenda naye kazini. Kila asubuhi akiwasha gari, anapiga simu.

"Abiria, umefunga mkanda?"

"Nimefunga, dereva. Na usinirushe kwenye matuta, nimetoka kunywa chai."

Safari ikaanza hivyo. Alimwambia kwamba seremala ametoa vitanda nje, na kimoja kimepinda kama mwenyewe akitoka kulewa. Alimwambia kwamba kinyozi amepaka ukuta rangi ya kijani inayoumiza meno. Mke alicheka mpaka sindano ikamchoma. Lakini hakuwa mtu wa kuridhika na maneno ya juu juu. Dereva akisema ameona gauni zuri, anaulizwa zuri vipi, marinda yako wapi, pindo limekunjwa au limetiwa lesi. Basi mwanamume ambaye zamani hakujua kola na kofia akajifunza kutazama. Alipita mtaani akiwa na macho ya kuazima, na mke, kule kwenye kiti chake, akaanza tena kula vizuri, kuchana nywele, na kuwasengenya watu kwa afya.

Asubuhi ya ajali, duka la magauni lilikuwa limetoa gauni jipya la harusi dirishani. Mke alishasikia habari zake kwa jirani na alikuwa akilisubiri tangu jana yake. Dereva alipofika alipunguza mwendo, akajihesabu mtu mwangalifu.

"Kola ikoje?" mke aliuliza.

Akageuza shingo. Mikono haikutoka kwenye usukani, lakini usukani nao hufuata shingo. "Imesimama," alisema. "Halafu kwa nyuma, ngoja nione..."

Mnoa visu alikuwa mbele yake na baiskeli yake, ile ambayo akiisimamisha na kukanyaga pedali huzungusha jiwe la kunolea. Gari lilimsukuma ukingoni. Kioo cha pembeni kikavunjika, visu vya watu vikatawanyika barabarani, na mnoa visu akawa chini ameshika goti, analia kwa sauti ambayo mtu mzima huitoa mara chache.

Dereva aliruka nje. Mkewe bado alikuwa sikioni. Alimsikia akiuliza ni nini hicho, yuko salama, mbona hajibu. Kisha akakisikia kile kilio.

"Huyo si mnoa visu?"

Mnoa visu ndiye aliyekuwa akimnolea mkewe mkasi mlangoni, miaka na miaka, akimtania kwamba mkasi huo una meno kuliko mwenyewe.

"Toa hicho kidude sikioni," mke alisema. "Mwinue."

Watu walijaa. Wakasema wanayosema watu siku zote, kwamba ajali haina kinga, na wenye baiskeli nao hukata kona kama kuku. Trafiki alikuja. Alimwuliza dereva kama alikuwa ameshika simu, na dereva akasema hapana. Trafiki akaandika kwamba baiskeli iliingia ghafla. Ikawa imekwisha hapo, na mnoa visu akapelekwa hospitali akiwa na goti lililovunjika na kosa ambalo si lake.

Jioni dereva alikaa kwenye kitanda, mkewe kwenye kiti. Alimweleza yote, na trafiki alivyoandika. Mke alikuwa na kitambaa mapajani lakini hakushona.

"Kesho nenda," alisema mwishoni. "Ukaseme gari lilikuwa na abiria."

"Nikisema hivyo, safari zako ndiyo zimekwisha."

"Najua."

"Na kazi yenyewe sijui."

"Mume wangu, ulikuwa unanitazamia mimi. Yule alikuwa anahitaji umtazame yeye." Akanyoosha mkono, akamshika kidole kimoja tu, alichokifikia. "Ulinipeleka vizuri. Sasa nishushe."

Dereva, mtu wa miaka hamsini na kitu, alilia hapo kitandani bila kujificha, na mke hakukiachia kidole.

Asubuhi alikwenda kituoni. Alisema mikono ilikuwa kwenye usukani na macho yalikuwa dukani, na kwamba baiskeli haikukata popote. Trafiki alimtazama kama aliyerudishiwa sahani chafu, akafuta, akaandika upya. Mahakamani alitozwa faini. Mwenye kiwanda alimfokea mbele ya wapakiaji, akamwachia gari, ila akakusanya vidude vya madereva wote na kuvifungia. Wenzake wakamwona kimbelembele. Kuna waliomnunia siku nyingi.

Mnoa visu alitoka hospitali na goti lisilokunjika, na jiwe lake bila mguu wa kulizungusha ni jiwe tu. Dereva alikwenda kwake kumwomba radhi. Mnoa visu alimwambia radhi haikanyagi pedali.

Alisema kwa hasira, lakini dereva hakuwa na neno bora la kushika. Akaichukua baiskeli, akaipeleka kwa fundi ikanyooshwa, akaisimamisha kwenye kibaraza cha nyumba yake mwenyewe. Tangu hapo, kila akitoka kazini, yeye hukanyaga pedali, na mnoa visu, ameketi kwenye stuli na mguu ameunyoosha, hushika visu vya wateja. Jioni ya kwanza mke alisogezewa kiti mlangoni. Mnoa visu alimwangalia, akaiangalia miguu yake.

"Mama, mkasi wako uko wapi?"

"Upo. Hauna meno tena, kama mwenyewe."

Mnoa visu akacheka kidogo, akaupokea.

Sasa dereva husimulia mtaa akiwa anakanyaga: seremala, kinyozi, nani kagombana na nani. Mke humwambia habari hizo ni mkate wa jana, lakini apashe tu, utalika. Hucheka, ila si kile kicheko cha kuchomwa sindano. Mchana kutwa gari hupita kimya, na mke hukaa na ukuta wa jirani.

Basi gharama ni hizi. Goti moja la mnoa visu. Kioo cha pembeni cha gari. Faini. Salamu za madereva wenzake. Jioni zote za dereva. Na kwa mke, mtaa mzima, kuanzia kwa seremala mpaka duka la magauni. Gauni lenyewe liliuzwa wiki ile ile, na kola yake kwa nyuma ilikuwaje, katika nyumba hiyo hakuna anayejua.