Leseni ya Mwaka Mmoja

Siku tisa zilikuwa zimepita tangu daktari amwambie Mwalimu kwamba amebakiwa na mwaka, pengine na kidogo, na katika siku hizo zote Mwalimu hakuhisi kitu. Si woga, si hasira. Alikula alichoandaliwa, akaitika alipoitwa, akalala, akaamka. Wahenga wamesema yao kuhusu wafichao maradhi, lakini wahenga hawakuwa na kitabu cha kumaliza. Yeye alikuwa nacho. Akaamua kunyamaza mpaka kiishe, hasa mbele ya kitinda mimba wake, binti aliyebaki naye nyumbani. Binti akijua tu, ataacha kazi na nyumba itageuka wodi.

Kitabu kilikuwa cha mazoezi ya hesabu, sura kumi na moja, kazi ya miaka sita, na chote kilikaa ndani ya laptopu. Wiki hiyo Mwalimu alipeleka flashi kwenye duka la kuchapisha akatoe nakala ya sura ya tisa. Flashi za mtaa mzima huchomekwa kwenye mashine ileile, kama kijiko kimoja kinachozungushwa kwa wagonjwa kumi. Aliporudi na yake akaichomeka nyumbani, sura zote zikageuka vijialama visivyofunguka.

Binti akaomba ruhusa kazini, wakaenda kwa fundi wa kompyuta. Fundi alikuwa mtu mzima, mvi zimeshaanza kumchungulia, na aliwahi kufundishwa na Mwalimu kama nusu ya mtaa ule. Wote walimwita Mwalimu huyo Onesha-Njia, kwa sababu jibu lisilo na njia alilikata kwa wino mwekundu hata likiwa sahihi. Fundi mwenyewe alishapata sifuri kwa majibu sahihi kumi. Haki yake, maana yote alikuwa ameyachungulia kwa jirani.

Sura hazikupotea, fundi akawaambia. Virusi vilizificha tu, naye amezirudisha zote. Kilichobaki ni programu ya kinga. Ya bure inamtosha mtu mwangalifu anayeisasisha, lakini ile ya Mwalimu haikuguswa tangu mwaka juzi, ikawa mlinzi aliyelala getini. Ya kulipia hujisasisha yenyewe, na hukagua flashi kabla haijafunguka. Mwalimu akasema ya bure inatosha, ataisasisha. Binti akamcheka, akamkumbusha kwamba hata saa ya ukutani humsubiri mtu mwingine aibadilishie betri. Atalipa yeye.

Basi fundi akaweka maboksi mawili mezani, leseni ya mwaka mmoja na ya miaka mitatu. Bei ya ile ya mitatu haikufika hata mara mbili ya ile ya mmoja. Mtoto wa darasa la nne angeichagua amefumba macho.

"Chukua ya mwaka mmoja," Mwalimu akasema.

Ilimponyoka. Alikuwa ameshapiga hesabu kichwani kabla hajajizuia, kama alivyofanya maisha yake yote, na hesabu haikuwa na kosa. Miaka miwili ya ziada ingekuwa ya nani?

Fundi akatabasamu, akidhani ni mtego wa darasani. Binti hakutabasamu. Baba huyu aliwahi kumrudisha dukani akiwa na miaka minane, kwa kosa la kununua vipande vya sabuni badala ya mche mzima. Akamtazama usoni, halafu kwenye kola ya shati, iliyokuwa imeanza kumpwaya.

"Baba," akasema, "nioneshe njia."

Uongo ulikuwepo, karibu kabisa. Angesema laptopu imechakaa, haitafika miaka mitatu. Lakini kwenye hesabu Mwalimu hakuwahi kudanganya.

"Mmoja utanitosha, mama. Daktari naye amepiga hesabu."

Fundi akainuka, akasema anafuata waya nyuma, ingawa waya zilikuwa zimetapakaa mezani. Binti akauliza ni tangu lini, akajibiwa siku tisa. Akauliza nani mwingine anajua, akajibiwa hakuna. Kidevu chake kilitetemeka. Mwalimu alikiona, akangoja naye ahisi jambo, lakini ilikuwa kama kutazama msiba wa nyumba ya jirani. Akawaza tu kwamba kiti cha fundi ni kigumu.

Fundi aliporudi, mikono mitupu, binti alikuwa ameshafuta uso. Akamsogezea boksi la miaka mitatu.

Mwalimu akaanza kueleza kwamba huko ni kutupa pesa. Hakumaliza, kwa sababu fundi, asiyejua atazame wapi, alikuwa amekimbilia swali ambalo huwauliza wateja wote: leseni aisajili kwa jina la nani?

"Langu," binti akasema. "Baba asipofika mwisho wa kitabu, nitakimaliza mimi."

Huyu ndiye mtoto pekee aliyemshinda kumfundisha hesabu. Alimfundisha kugawanya kwa mawe, kwa maharage, kwa vifuniko vya chupa, na mpaka leo alikuwa akiomba simu imsaidie. Mwalimu alitaka kumwambia hivyo, wacheke. Akafungua mdomo, na kwa mara ya kwanza akajua kwamba anaogopa kufa, anaogopa sana. Akaushika mkono wa binti yake. Fundi akaanza kuandika jina la binti, herufi moja moja.