Taa Zinazotazama Nyuma

Mkwe wangu, mume wa binti yangu, alikuja na fundi umeme siku ya Jumanne, nikiwa nimekaa mlangoni nachambua maharage. Fundi alibeba boksi lenye taa mbili za LED, za mraba, ukubwa wa kiganja. Nikajua ni za mbele, maana mtu huangaza anakokwenda. Lakini aliizunguka pikapu, akalala chali chini ya bampa la nyuma na kuanza kutoboa.

Nilingoja mkwe aingie ndani kuchukua maji ya kunywa.

"Fundi, hizo za kazi gani huko nyuma?"

"Sijui, bibi. Mimi nafunga ninapoonyeshwa."

"Si gari lina taa zake za nyuma?"

"Linazo. Zinawaka ukiweka gia ya rivasi. Nilimwambia niziunge humo humo, kazi ndogo. Amekataa. Anataka swichi ya peke yake chini ya usukani, awashe hata gari likiwa limezimwa."

Akagusisha waya kwenye betri anijaribie. Ukuta wa ghala ukawa mweupe pe, kuku wakatawanyika.

"Mwambie asiziwashe barabarani," fundi alisema. "Anayekuja nyuma haoni kitu."

Alipomaliza aliokota vipande vya chuma alivyotoboa, kimoja kimoja, watoto wasije wakavikanyaga. Nilimwombea heri kwa hilo. Lakini maneno yake yalinibaki rohoni.

Pikapu ile ni yangu. Marehemu mume wangu aliniachia, nami nikampa mkwe ufunguo aiendeshe. Anakusanya mayai kwa wafugaji, anayaweka katika ghala letu, kisha anayasambaza madukani. Ghala halina dirisha wala umeme. Marehemu alilijenga hivyo ili mayai yapate ubaridi. Anayepanga trei ni mdogo wangu wa kiume, tumbo moja na mimi, aliyeianza kazi hiyo tangu enzi za marehemu. Binti yangu, wajukuu, mdogo wangu na mimi, sote tunakula kwa gari hilo. Ufunguo ukitoka mikononi mwa mkwe, nyumba nzima inayumba.

Jirani yangu aliziona taa akiwa anaanika nguo.

"Bibi, taa za hivyo hufungwa na watu wasiotaka kufuatwa," akaniambia juu ya ua. "Ukiwa nyuma yake anakuwashia usoni, hata namba ya gari huisomi. Sisemi mkweo yumo. Nasema tu."

"Hujasema, lakini umesema."

"Basi nimenyamaza. Mume wangu lakini bado anaiulizia pikapu. Ukichoka, ataikodi."

Nilijua anavutia kwake. Hata hivyo usiku ule sikupata usingizi mzuri, na kesho yake nikaanza kumchunguza mkwe kama askari. Alirudi saa ngapi, tairi zina tope la wapi, mbona anaosha mwenyewe bodi ya gari. Niliona ute wa yai umekauka kwenye mlango wa nyuma wa bodi. Nikamfuata binti yangu penye beseni la nguo.

"Mayai mbona yanapasuka sana siku hizi?"

"Anasema ni mashimo ya barabarani, mama."

"Barabara ileile ya siku zote?"

"Mama, mimi siendeshi."

"Na taa?"

"Nimemuuliza. Kaniambia ni mambo ya kazi." Hakuinua uso. Nikaona naye ana lake moyoni.

Aliyenimaliza ni mdogo wangu. Alikuja kunywa chai, akakaa, akakiweka kikombe ukingoni mwa meza nusu kikiwa hewani. Nikakidaka. Akacheka, nami nikacheka, nikadhani ni haraka ya maneno yaliyomjaa kinywani.

"Dada, nikuambie kitu, lakini usimwambie. Mkweo macho yanamsumbua."

"Nani kasema?"

"Yeye mwenyewe. 'Mjomba, mle ghalani sioni, vumilia nifunge taa.' Nikamwambia funga, baba, usione haya. Na mayai anayopasua namsitiri, nasema ni mashimo."

Wajukuu wangu hupelekwa shule kwa pikapu ile. Sasa yote yakapangika kichwani mwangu: ute wa yai, maji mengi bodini, mke asiyeambiwa. Nikaamua ufunguo nitauchukua, jirani na akodi, tutajibana.

Jioni nilimwita mkwe. Kati yetu kuna adabu nyingi. Yeye hukaa karibu na mlango, macho chini, na mimi humuuliza habari za kazi, ananijibu nzuri, yanaishia hapo. Ulimi ulikuwa tayari. Lakini kumhukumu mtu bila kumjaribu nikaona si haki. Nikachukua sindano na uzi.

"Baba, hebu nitungie. Macho yangu ya uzee haya."

Akatunga mara moja. Hakusogea hata kwenye mwanga, na huku anamjibu mwanawe swali la hesabu.

"Mama, hii nguo ni ya buluu na uzi ni mweusi. Nikutafutie wa buluu?"

Mimi mwenyewe sikuwa nimeona tofauti. Nikasema aache tu. Alipotoka nilibaki nimeishika sindano kama mjinga. Mtu anaona kama mwewe, anamdanganya mdogo wangu kwamba haoni. Mtu mzima hajizushii ugonjwa bure. Wasiwasi wangu wa kwanza ulirudi, safari hii na wenzake.

Asubuhi, watoto walipokwisha kupelekwa shule, nilijibanza nyuma ya tangi la maji. Pikapu ilikuwa imerudishwa kinyumenyume hadi mlangoni mwa ghala, injini imezimwa. Mkwe aliingiza mkono chini ya usukani. Ghala zima likawaka, pembe kwa pembe.

Mdogo wangu alitoka ndani na trei mikononi. Alipokaribia gari mguu wake ulitangulia kupapasa. Mkwe alikuwa amesimama kando, ameuweka mkono chini ya trei, haugusi.

"Mjomba, ukingo uko wapi? Mimi sioni vizuri."

"Huu hapa," mdogo wangu akasema, akaupapasa ubao wa bodi, akaupata mara ya pili. "Leta mkono wako. Umeuona?"

"Nimeuona. Bila wewe ningevunja zote."

Nikatoka nilikojibanza. Mdogo wangu akageuka, akanitazama usoni kabisa, hatua chache tu.

"Karibu, mteja. Ngoja kidogo tumalize kupakia."

Mkwe alinitazama moja kwa moja, labda mara ya kwanza tangu amwoe binti yangu, akatikisa kichwa polepole. Alikuwa ananiomba.

"Ni mimi," nikasema.

"Aa, dada! Jua limenipiga usoni."

Jua lilikuwa mgongoni kwake. Alinisogelea, akashusha sauti, lakini yeye hajui kunong'ona. "Umekuja kumnyang'anya ufunguo? Nimejuta kukuambia. Usimwonee, dada. Macho mabaya si ukorofi."

Mkwe alisikia yote. Neno moja tu lingemwokoa, na hakulisema. Alifuta mikono kwenye suruali, akatoa ufunguo mfukoni, akaninyooshea kwa mikono miwili.

"Ukiona ni vema, mama."

"Rudisha mfukoni, baba," nikamwambia. "Mwenye kazi yake ni wewe. Ila kesho hamwendi madukani. Unakwenda hospitali ya macho."

"Sawa, mama."

"Na wewe," nikamgeukia mdogo wangu, "utamsindikiza. Mkifika mpimwe wote wawili, asije akaona haya peke yake mbele ya daktari."

Mdogo wangu alifikiri. "Mimi sina shida. Lakini kwa ajili yake, nitapimwa."

"Kwa ajili yake."

Akarudi kwa mkwe, akamtafuta bega, akalipata.

"Usiogope. Wanakuonyesha herufi tu. Twende nikufikishe kwenye mlango wa gari, hapa chini pana vitu."

Mkwe akakubali kuongozwa. Walikwenda taratibu, na kwa mguu wake alikuwa anaisogeza ndoo kando kabla mdogo wangu hajaifikia.